Kibao cha dini na daftari la majina: kuchagua shule ya msingi Rumonge

Mzazi wa Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika nchini Burundi, anayemtafutia mtoto wake nafasi ya mwaka wa kwanza hakosi shule yenye jina la dini kwenye kibao chake. Wakatoliki wa jimbo la Bururi wanazo. Waanglikana, ambao siku hizi wana dayosisi yao hapo hapo Rumonge, na Wapentekoste, ambao kazi yao kusini mwa nchi ilianzia Kiremba mwaka 1935, nao wamejenga madarasa pembeni mwa makanisa. Waislamu, ambao mwambao huu ni mojawapo ya maskani yao ya zamani zaidi nchini Burundi, wana vyuo vya Kurani na, hapa na pale, shule zinazofuata mtaala wa Serikali. Kila mwaka kabla ya Septemba mzazi anasimama mbele ya vibao hivyo na kujiuliza kipi kitamfaa mwanawe.

Kibao kinamwambia kidogo kuliko anavyodhani. Atajifunza mengi zaidi akijua ni nani anawalipa walimu wa shule hiyo, ni nani anachagua watoto wa kuingia, na ni wangapi kati ya walioanza pamoja wanafika pamoja mwaka wa tisa. Hilo la mwisho ndilo linaloulizwa mara chache zaidi, na ndilo lenye uzito kuliko yote.

Tuanze na historia, kwa kuwa hapa ziwani dini na shule vimeshikana tangu mwanzo, na mashaka ambayo wazazi wanayo leo yana asili yake. Mwaka 1879 wamisionari wa Kikatoliki wa shirika la Mapadri Weupe walifika Rumonge na kujenga. Kazi yao ya kwanza ilikuwa kulea watoto waliokombolewa utumwani. Mei 4, 1881 mapadri wawili, Deniaud na Augier, pamoja na msaidizi wao D'Hoop, waliuawa katika ugomvi na watu wa chifu Bikari, na ugomvi wenyewe ulikuwa juu ya mtoto: ni nani mwenye haki ya kukaa naye. Misheni ikafungwa. Wakatoliki hawakupata makao ya kudumu Burundi hadi mwaka 1898 huko Muyaga, mbali na ziwa. Swali la nani ana haki juu ya mtoto lilibaki pale pale, na kila kizazi kimelijibu kwa namna yake.

Chini ya Wabelgiji shule nyingi za nchi zilikuwa mikononi mwa wamisionari Wakatoliki, na ruzuku ya Serikali iliwaendea wao. Waprotestanti walisubiri hadi baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia ndipo wakapata sehemu yao. Waislamu wa Rumonge, Nyanza-Lac na mtaa wa Buyenzi wa Bujumbura waliogopa kwamba mtoto akiingia shule ya misheni atatoka amebatizwa, na hofu hiyo haikuwa ya bure, kwani ubatizo ulikuwa sehemu ya lengo la shule zenyewe. Wengi wakabaki na chuo cha Kurani, biashara ya samaki na safari za Ujiji. Gharama ya uamuzi huo ililipwa na watoto wao na wajukuu wao: milango ya ofisi ilifunguliwa kwa cheti, na cheti kilitoka misheni. Ninalitaja hili kwa sababu bado nasikia watu wakisema kwamba Waislamu wa mwambao hawakupenda elimu. Waliikataa shule moja ya aina moja, kwa sababu iliyoeleweka, na hawakupewa nyingine.

Baada ya uhuru Serikali ilizidi kuzibana shule za makanisa, na ukali ulifika kileleni wakati wa Rais Jean-Baptiste Bagaza, aliyetawala kuanzia 1976 hadi 1987. Mwaka 1986 seminari za Kikatoliki zilichukuliwa na Serikali, na vituo vya Yaga Mukama, ambako watoto wengi maskini walijifunza katekisimu pamoja na kusoma na kuandika Kirundi, vilifungwa. Majirani walikuwa wamepita njia hiyo kabla: Tanzania ilitaifisha shule za misheni kwa sheria ya mwaka 1969, na Zaire ya Mobutu ilifanya hivyo mwaka 1974, kisha ikarudi nyuma na kutia sahihi mkataba na makanisa Februari 26, 1977. Mtu akivuka ziwa kwenda Baraka au Uvira leo anazikuta shule hizo za mkataba kila mtaa. Burundi nayo, baada ya Bagaza kuondolewa, ilichukua njia ya mkataba: kwanza na Wakatoliki, kisha na madhehebu mengine, Waislamu wakiwemo. Mwaka 2012 Serikali na Vatikani zilitia sahihi makubaliano mapana yanayogusa pia shule.

Mkataba huo kati ya Serikali na madhehebu ndio ufunguo wa kuelewa kibao. Shule nyingi zinazoitwa za Kikatoliki, za Kiprotestanti au za Kiislamu ni shule za mkataba. Walimu wanalipwa na Serikali, mtaala ni wa Serikali, mitihani ni ya Serikali, na wakaguzi wanatoka ofisi ya elimu ya komini na ya mkoa. Dhehebu lina majengo mara nyingi, lina sauti katika kumchagua mkurugenzi wa shule, na lina jukumu la malezi na nidhamu. Pembeni ya hizo kuna shule binafsi hasa, ambazo mmiliki ni kanisa, taasisi ya Kiislamu au mtu, na mshahara wa mwalimu unatoka kwenye minervali, yaani ada, anayolipa mzazi. Mbele ya lango shule hizi mbili zinaweza kufanana kabisa, zote zikiwa na msalaba au hilali juu ya paa. Ukiingia ndani ni vitu viwili tofauti: ya kwanza ni shule ya umma inayolelewa na dhehebu, ya pili ni huduma unayoinunua. Basi swali la kwanza la mzazi akifika ofisini liwe hili: walimu wenu wanalipwa na nani?

Jibu lake linabadilisha mambo yote ya kuandikisha. Tangu Agosti 2005, Rais Pierre Nkurunziza alipofuta minervali ya shule ya msingi, mtoto wa Mrundi ana haki ya kuanza bila kulipa ada katika shule ya umma, na shule ya mkataba imo humo. Michango midogo ya wazazi ipo, na sare na madaftari ni juu ya familia, lakini nafasi yenyewe haiuzwi. Pia haipimwi kwa dini. Kifungu cha 22 cha Katiba kinakataza mtu kubaguliwa kwa sababu ya imani yake. Mkurugenzi wa shule ya mkataba anayedai cheti cha ubatizo, barua ya katekista au ya imamu kama sharti la kumwandika mtoto wa miaka sita anafanya jambo ambalo nchi haimruhusu. Barua kama hiyo ikiletwa kwa hiari ni sawa. Ikidaiwa, mzazi ana haki ya kupanda hadi ofisi ya elimu ya komini, na asione haya kufanya hivyo.

Ukweli wa mlangoni una kona zaidi. Darasa likiwa limejaa, mkurugenzi analazimika kuchagua, na hapo ndipo upendeleo unapopata nafasi: mtoto wa mzee wa kanisa, mdogo wa aliye tayari shuleni, mtoto wa mfadhili. Siwezi kusema kila upendeleo ni uovu. Kumpokea mdogo baada ya kaka yake kunaisaidia familia, na dada mkubwa anamshika mkono mdogo wake barabarani ambako magari ya Bujumbura na Nyanza-Lac hayapunguzi mwendo. Kibaya ni upendeleo usiotamkwa. Shule inayoweza kukwambia waziwazi, kabla ya siku ya kuandikisha, kwamba inaanza na watoto wa mtaa, kisha wadogo wa waliopo, kisha wengine kwa zamu ya kufika, imekupa kitu cha kushika. Shule inayosema "mtaona siku hiyo" imekuambia kwamba siku hiyo kutakuwa na mazungumzo ya pembeni.

Umri ni miaka sita, na karatasi inayothibitisha ni cheti cha kuzaliwa kutoka ofisi ya komini. Hapa familia za mwambao zina shida yao ya pekee. Vita vya 1972, vilivyoanza hapa hapa Rumonge na Nyanza-Lac mwishoni mwa Aprili, viliwatupa maelfu Tanzania. Wengi walirudi miaka zaidi ya 35 baadaye, na baadhi yao wakawekwa katika vijiji kama Mutambara. Watoto waliozaliwa upande wa Kigoma au makambini walikuja na karatasi za huko, au bila karatasi. Familia nyingine zinaishi huku na huko, baba Rumonge na mama Kigoma. Anayejua kwamba mtoto wake atatimiza miaka sita mwakani aanze kushughulikia cheti sasa. Kuhangaikia karatasi wiki ya kufungua shule ni njia ya uhakika ya kukosa nafasi, na mtoto atakayepoteza mwaka mzima hakosi kitu kidogo.

Kwa shule binafsi taratibu ni nyingine. Zinaruhusiwa kutoza, na nyingi zinampima mtoto kabla ya kumpokea. Mtihani wa kumpima mtoto wa miaka sita unapima nyumba aliyotoka: kama kuna mtu anayemsemesha Kifaransa, kama alipita shule ya chekechea, kama amewahi kushika penseli. Shule inayochuja kwa namna hiyo itapata matokeo mazuri baadaye hata ikifundisha kwa wastani tu. Mzazi anayelipa minervali kubwa anapaswa kujua kwamba sehemu ya fedha hiyo inamnunulia mtoto wake wanafunzi wenzake. Hilo si kosa. Lakini asiliite ubora wa walimu.

Kuna jambo la saa ya dini. Sensa ya mwaka 2008 iliwahesabu Waislamu kuwa kama asilimia 2.5 ya Warundi, Wakatoliki asilimia 62, Waprotestanti karibu 22. Takwimu hizo ni za nchi nzima. Mitaa ya Rumonge haifanani nazo, kwa kuwa adhana na kengele zinasikika kutoka kibaraza kimoja, na darasa la shule ya kanisa lina akina Amina na akina Hamisi wengi. Kwa hiyo swali la malezi ya dini hapa ni la kila siku. Mtoto wa Kiislamu anafanya nini wenzake wanapofundishwa katekisimu? Anakaa kimya nyuma, anatoka nje kucheza, au kuna mwalimu wa dini yake? Msichana aliyefunika kichwa anaruhusiwa? Ijumaa adhuhuri inakuwaje? Na kwa Waadventista, masomo ya ziada yakipangwa Jumamosi, mtoto wao ataandikwa mtoro? Haya yaulizwe kabla ya kuandikisha, na yaulizwe kwa upole, kwa sababu wakurugenzi wengi wana nia njema na hawajawahi kuulizwa.

Nisisitize upande wa pili pia. Mzazi anayechagua shule kwa sababu ya dini, akitaka mwanawe alelewe katika sala na adabu za nyumbani, ana sababu nzuri kabisa. Asilazimishwe kuifunika kwa maneno ya ufaulu. Mkristo anayetaka ibada ya asubuhi na Muislamu anayetaka mwanawe asome Kurani pamoja na hisabati wanatafuta malezi, na malezi ni nusu ya kazi ya shule. Tatizo linaanza pale tunapoamini kwamba shule yenye maombi ya asubuhi lazima ina hisabati nzuri.

Tuje basi kwenye ufaulu. Chini ya sheria ya Septemba 10, 2013, elimu ya msingi, ekofo kama watu wanavyoiita, ilipangwa kuwa ya miaka tisa yenye ngazi nne, na mwishoni kukawa na mtihani wa taifa, konkuru. Kila mwaka matokeo yakitoka, mtaani linatembea neno moja tu: shule fulani imefaulisha asilimia tisini, fulani sitini. Watu wanaamua kwa neno hilo.

Chukua mfano wa kubuni. Shule ya kwanza imepeleka watoto 30 kwenye konkuru, wamefaulu 27. Ya pili imepeleka 80, wamefaulu 52. Mtaani ya kwanza ni bingwa: asilimia 90 dhidi ya 65. Sasa fungua daftari la miaka tisa nyuma. Shule ya kwanza iliandika watoto 90 mwaka wa kwanza, ya pili iliandika 100. Katika kila watoto 100 walioanza, ya kwanza imefaulisha 30 na ya pili imefaulisha 52. Wale 60 waliopotea njiani katika shule ya kwanza hawamo katika asilimia yoyote inayotangazwa. Wengine walirudishwa darasa mara mbili hadi wakakata tamaa. Wengine waliambiwa kwa siri watafute shule nyingine kabla ya mwaka wa tisa, ili wasiiharibie shule jina. Mwingine ni kijana aliyeanza kwenda ziwani usiku kuvua ndagala akawa analala darasani, na hakuna aliyemfuata nyumbani. Mwingine ni binti aliyetolewa akakamue mawese au akalee watoto wa watu Bujumbura. Mtoto wako anapoingia mwaka wa kwanza hujui bado kama atakuwa kati ya 30 au kati ya 60. Ndiyo maana namba ya walioanza ina thamani kuliko namba ya waliofaulu.

Majirani zetu wameanza kulitambua hili. Januari 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania, Necta, lilitangaza kwamba halitapanga tena shule kumi bora, baada ya miaka mingi ya magazeti kuzichapa kama ligi ya mpira. Kuacha kuzipanga shule hakutoshi kama mzazi hapewi kitu kingine mahali pake. Kitu hicho ninachokitaka mimi ni daftari: walioandikwa, waliohama, waliorudia darasa, waliokaa kwenye mtihani, waliofaulu. Mkurugenzi anayo namba hizo, kwa kuwa huzipeleka komini.

Mwaka ambao hauzungumzwi ni wa tano. Burundi inafundisha kwa Kirundi miaka minne ya kwanza, kisha Kifaransa kinachukua nafasi. Kiingereza na Kiswahili vinafundishwa kama masomo tangu chini, hasa baada ya nchi kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 1, 2007. Katika upimaji wa PASEC wa mwaka 2014, uliofanyika katika nchi 10 za Afrika zinazotumia Kifaransa, watoto wa Burundi waliongoza katika hisabati mwishoni mwa shule ya msingi: karibu 87 kati ya 100 walifika kiwango kinachotakiwa. Hiyo ni heshima kubwa kwa nchi maskini, na mwalimu wa kijijini ndiye mwenye sifa hiyo. Lakini katika kusoma, mwanzoni mwa shule ya msingi, walipopimwa kwa Kirundi, karibu 79 kati ya 100 walifika kiwango; mwishoni, walipopimwa kwa Kifaransa, walikuwa karibu 57. Watoto hao walikuwa na akili. Lugha ndiyo iliyowabadilikia.

Kwa mtoto wa mwambao mzigo huo una uzito zaidi. Nyumbani anasema Kiswahili, shuleni anaanza kwa Kirundi ambacho pengine anakijua nusu, kisha mwaka wa tano anakutana na Kifaransa. Mtoto wa familia iliyorudi kutoka Tanzania, ambaye alianza kusoma kwa Kiswahili na Kiingereza, anakutana na vyote viwili kwa pamoja. Kwa hiyo ukitaka kujua shule inafundisha kweli, acha mwaka wa tisa. Omba kuona madaftari ya watoto wa mwaka wa nne na wa tano. Uliza wangapi walirudia mwaka wa tano. Uliza kama mwalimu wa mwaka huo anajua kuwasemesha kwa Kiswahili anapoona wamepotea, au kama anawapigia kelele kwa Kifaransa. Nimeona shule zenye jina dogo zikilivusha darasa zima hapo kwa sababu ya mwalimu mmoja mwenye subira, na shule zenye jina kubwa zikilikwamisha.

Mengine ni ya macho tu. Ada ilipofutwa 2005 madarasa yalifurika, na shule nyingi zikaingia zamu, kundi moja asubuhi na jingine mchana. Zamu inagongana na chuo cha Kurani kwa watoto wengi wa Kiislamu, basi ratiba ijulikane mapema. Hesabu madawati. Angalia vyoo, hasa vya wasichana. Na angalia ziwa: Tanganyika imepanda miaka hii, na mwaka 2021 na 2024 maji yaliingia mitaa ya Rumonge kama Kanyenkoko na kuzihamisha familia. Shule iliyo karibu na maji iulizwe watoto watasomea wapi yakirudi.

Dhehebu zuri linaweza kuifanya shule ya Serikali kuwa bora kuliko jirani yake, na nimeona madhehebu yakifanya hivyo: masista wanaofuata mtoto mtoro hadi nyumbani, wachungaji wanaogharimia sare za yatima, walimu wa madrasa wanaowahimiza wazazi wa mabinti wasiwatoe shuleni. Hizo ndizo fadhila za kibao, na zinaonekana katika daftari la majina kuliko katika asilimia ya konkuru, kwa kuwa mtoto aliyefuatwa nyumbani haachi shule.

Kwa hiyo nawaomba viongozi wa shule za mkataba kando ya ziwa, wa makanisa na wa misikiti, wabandike ukutani kila Julai karatasi moja yenye namba tano: walioandikwa mwaka wa kwanza miaka tisa nyuma, waliohama, waliorudia, waliokaa kwenye konkuru, waliofaulu. Haigharimu kitu. Na mzazi atakayefika kabla ya Septemba aiombe karatasi hiyo hata kama haijabandikwa. Shule itakayokataa kumwonyesha, mimi nisingempeleka mwanangu huko, iwe ya dini yangu au ya mwingine.